UZI: Unakuja Unguja kusoma sheria? Tafuta pa kukaa kabla chuo hakijafunguliwa

Binti wa Utaani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Majina ya waliopata vyuo yakitoka tu, wadogo zangu wa Pemba, wa Wete, Micheweni na Chake, wanaanza kunipigia: "Dada, nimepata sheria, Tunguu. Nikae wapi?" Naandika hapa ili wasome wote, na nyinyi wenyeji wa Unguja muongezee nilipopunguza. Mimi nimesoma sheria hapo hapo Tunguu, nimekaa kwa jamaa na nimekaa vyumba vya kukodi, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Neno langu kubwa ni hili: mwanafunzi wa sheria asichague nyumba kwa kuangalia kodi peke yake. Sheria ni kusoma. Mwalimu anakupa hukumu ya Mahkama ya Rufani leo, kesho anakuuliza hoja ya rufaa ilikuwa ipi na majaji waliijibu vipi, na hukumu zenyewe si za kurasa mbili. Kazi hiyo huimalizi darasani. Unaimaliza usiku, pale unapolala. Kama hapo hapana taa ya kueleweka, hapana pa kuweka meza, na kila baada ya Isha ni kelele, mwaka wa kwanza utakushinda hata ukiwa na kichwa kizuri. Nimewaona watoto wazuri sana wakirudia mitihani kwa sababu ya nyumba tu.

Sasa jiografia, maana wengi wetu tunaotoka Pemba tunaijua Unguja ya bandarini, Darajani na nyumbani kwa jamaa. Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanza 1998 na chenye kitivo cha sheria na sharia ya Kiislamu, hakiko Mjini. Kiko Tunguu, Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini. Ukitoka Mjini unapita Mwanakwerekwe, Fuoni na Kibonde Mzungu, ndio uelekee huko. Kampasi kuu ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nayo iko Tunguu. Ofisi za mkoa ziko Tunguu. Jengo jipya la Mahkama Kuu liko Tunguu. Kwa hiyo masomo yakikaribia kuanza, wanafunzi wa vyuo viwili pamoja na wafanyakazi wa serikali wanagombania vyumba katika vijiji vile vile, na anayekuja wiki ya mwisho anapewa kilichobaki.

Dakhalia (mabweni) za chuo omba mapema, tena omba siku ile ile unayothibitisha nafasi yako. Waombaji ni wengi kuliko vitanda. Kwa msichana wa mwaka wa kwanza asiyekuwa na mtu Unguja, mimi ningeanza hapo kabla ya kufikiri jengine lolote: kuna geti, kuna mlinzi, na unakaa na watu wa fani yako mnaoulizana masuala usiku.

Kuhusu kukaa kwa jamaa nitasema kwa kirefu, maana ndiko wengi wetu tunakoanzia na ndiko watu wanakoogopa kusema kweli. Mpemba akija Unguja ana ami Jang'ombe, ana shangazi Mpendae, ana mtoto wa mama mdogo Chumbuni. Kutokwenda kwao kunaleta maneno, na sisemi msiende. Watu hao wametulea. Lakini nyumba ya jamaa ina utaratibu wake uliokutangulia. Televisheni iko ukumbini na wewe unalala ukumbini. Watoto wadogo wanataka kusomeshwa. Ukiwa msichana, utapika, utaosha vyombo, utapokea wageni, na huwezi kumwambia shangazi kwamba una kesi ya kusoma wakati watu wako mlangoni. Hakuna aliyekukosea hapo. Ni nyumba ya watu, nao wana maisha yao.

Kama utakaa kwa jamaa, basi wazee wenu wazungumze mapema, na wazungumze wao, si wewe. Yasemwe mambo haya: mchango wako wa chakula na umeme ni upi, unasomea wapi, na ukichelewa maktaba nani atakufungulia mlango. Yakisemwa mwanzoni na baba yako kwa adabu, hakuna anayevunjiwa heshima. Yakisemwa na wewe mwezi wa tatu, unaonekana umeota pembe.

Na hata kama nia yako ni kukodi, fikia kwa jamaa kwanza, ndio utoke hapo kwenda kutafuta. Usikodi chumba ukiwa Wete kwa picha za simu. Hili nitalirudia kila nitakapoulizwa.

Mkaazi wa Fuoni

Dada umesema kweli tupu. Mimi naongeza maji, kwa sababu wageni hawaulizi maji.

Mtu anaoneshwa chumba, anatazama rangi ya ukuta na marumaru za chini, anasema kizuri. Mimi nasema nenda uani. Fungua mfereji. Kama hautoi maji, uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, na usimuulize mwenye nyumba, muulize mpangaji uliyemkuta anafua. Maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, sehemu nyengine yanakuja usiku wa manane, na asiyekuwa na tangi anaamka kujaza ndoo. Uliza tangi ni la nani, na pampu inatumia umeme wa nani. Kama kuna kisima, onja maji, maana vyengine vina chumvi na havifai kupikia wala kunywa.

La pili ni masika. Nyinyi mnakuja Oktoba au Novemba, mvua za vuli hazikuonyeshi kitu. Masika ya Machi mpaka Mei ndiyo yanayoijua nyumba. Tazama ukutani chini, kama pana mstari wa rangi tofauti au chokaa imebabuka kwa urefu mmoja kuta zote, ujue maji yaliwahi kuingia yakatulia. Huku kwetu Fuoni na Kibonde Mzungu, pamoja na Mwanakwerekwe, kuna mitaa ya mabondeni ambayo wenyeji wote wanaijua. Muulize muuza duka wa karibu. Yeye hana faida yoyote akikudanganya.

Kijana wa Konde

Shukran sana dada na kaka. Mimi ndio nimepata sheria mwaka huu. Kuna dalali mmoja nimempata kwenye kundi la WhatsApp, amenitumia picha za chumba karibu na chuo, kizuri sana, choo cha ndani. Anasema nimtumie kodi ya mwezi mmoja kwa simu anishikie, maana wako wengine wanakitaka leo. Nifanyeje? Naogopa kukikosa.

Binti wa Utaani

Mdogo wangu, usitume hata shilingi.

Mwambie hivi kwa heshima: "Nina ndugu yangu Unguja, atakuja kukiona kesho, tupe jina la mtaa na jina la mwenye nyumba." Kama chumba kipo, atakupa. Dalali wa kweli anataka chumba kionwe, kwa sababu mtu akishaona ndipo anapolipa. Anayekimbilia pesa kabla ya macho huyo muache. Na maneno ya "wako wengine wanakitaka leo" utayasikia kila pahala, hata pale ambapo chumba kina miezi hakina mtu.

Mtoto wa Mtambwe

Kijana wa Konde, msikilize dada. Mwaka niliokuja mimi, dalali mmoja alichukua pesa ya chumba kimoja kwa wanafunzi watatu. Tulikutana mlangoni na mabegi yetu, kila mmoja ana ujumbe wa simu unaoonyesha amelipa. Mwenye nyumba katoka, anatushangaa, anasema chumba hakikodishwi, anakaa mwanawe. Yule mtu simu yake haikupatikana tena. Mmoja katika wale watatu alikuwa binti ambaye hana jamaa hata mmoja Unguja, na ilikuwa karibu Magharibi. Mama mwenye nyumba, Mungu amlipe, alimlaza kwake usiku ule na asubuhi akampeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.

Dalali wa Mwanakwerekwe

Nami ni dalali, na haya yananiuma kwa sababu tunachafuliwa sote. Wacha niwaeleze kazi ilivyo ili mjue kumtambua mtu.

Mimi kwa mwanafunzi nachukua kodi ya mwezi mmoja, naichukua mara moja tu, na naichukua akishapewa ufunguo. Wapo wanaotoza pesa ya kuoneshwa nyumba. Muulize kabla hamjaanza kutembea, na muulize ikiwa hukupenda chumba anakurejeshea au la. Kodi usimpe dalali. Kodi mpe mwenye nyumba mkononi mwake au kwenye simu yake, dalali akiwa pembeni anashuhudia. Dalali akisema "nipe mimi nitampelekea", hapo simama.

Jengine, mwenye nyumba anaweza kuwa si mwenye nyumba. Nyumba nyingi huku ni za urithi, ndugu watano, na mmoja anakodisha bila wenziwe kujua. Ukilipa kwa huyo mmoja, mwezi wa pili anakuja kaka yake anakwambia toka. Uliza kwa majirani nyumba hii ni ya nani.

Binti wa Utaani

Ahsante sana kaka, watu kama wewe ndio tunaowataka kwenye uzi huu.

Niseme sasa la pesa, maana wengi wanakuja na hesabu ya kodi ya mwezi mmoja kichwani. Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Tuseme, kwa mfano tu, chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 480,000. Dalali anataka 80,000. Hapo ni 560,000, na hujanunua godoro, ndoo, jiko la gesi wala chandarua, na hujatia umeme. Mkopo wa Bodi ya mikopo, iwe ya Zanzibar au ile ya Muungano, hauji mkononi kabla hujasajiliwa chuoni na kutia saini. Pesa ya kuanzia lazima itoke nyumbani. Mzee aambiwe mapema, wakati wa kuuza karafuu au ng'ombe bado upo, si wiki ya safari.

Halafu piga hesabu ya nauli. Chukua nauli ya kwenda na kurudi, izidishe kwa siku za masomo za mwezi mzima, uijumlishe na kodi. Baada ya hapo ndio ulinganishe chumba cha Tunguu na cha Mpendae. Ongeza na muda. Asubuhi gari za Tunguu zinajaa, na zile za mbali zinazopita hapo, namba 310 ya Makunduchi, 309 ya Jambiani, 324 ya Bwejuu, zina abiria wake na mizigo yao. Jioni ndio tatizo zaidi. Baada ya Magharibi gari zinapungua, na mwanafunzi wa sheria ndiye anayetaka kubaki maktaba mpaka Isha. Ukikaa Mjini utakuwa unaondoka kwenye vitabu kwa kukimbilia gari, kila siku.

Kwa hiyo kwa mwaka wa kwanza mimi nasema kaa upande wa Tunguu, Jumbi, Bungi, au usizidi Fuoni. Ni kimya, usiku hakuna la kukuhangaisha, na chuo ni pua na mdomo. Ubaya wake ni kwamba maduka yanafunga mapema na vyakula vya kununua si vingi kama Mjini, lakini soko la Jumbi limepunguza shida hiyo. Miaka ya mbele, ukianza mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi za mawakili au mahkama za Vuga, unaweza kuhamia Mjini ukiwa unajua unachofanya. Na kwa sababu hiyo hiyo usilipe mwaka mzima mara ya kwanza, hata ukipunguziwa. Lipa miezi michache, uone nyumba na watu wake.

Bi Mwenye Vyumba

Wanangu, nami nina vyumba vyangu vya uani nakodisha wanafunzi, nimesoma yote mliyoandika na nimefurahi hamjatutukana.

Mkiona mwenye nyumba anauliza maswali mengi msikasirike. Mimi mtoto akija namuuliza: wewe wa nani, kwenu wapi, na nani wako hapa Unguja ambaye nikimpigia simu saa nane ya usiku atakuja. Maana mtoto wa watu akishikwa na homa ni mimi ninayempeleka hospitali. Mama yake yuko Pemba au Bara, ananipigia mimi, analia. Kukodisha mwanafunzi ni kulea.

Vijana wa kiume, nasema ukweli, wenye nyumba wengi tunasita. Si kwamba ni wabaya. Kuna mabinti ndani ya nyumba, na mtaa una macho. Mje na mzee wenu siku ya kwanza, au mje na barua ya sheha wa kwenu, moyo wa mtu unatulia. Mambo ya wageni wa jinsia nyengine chumbani, kwangu mimi hapana, na ulizeni mapema ili msije mkagombana na mtu.

Na jambo moja ambalo watoto hawaulizi: likizo. Chuo kikifungwa mnakwenda zenu nyumbani, chumba kina vitu vyenu, mimi siwezi kumpa mtu mwengine. Je, mnalipa au hamlipi? Mimi nachukua nusu, na vitu vinabaki. Mwengine anataka kamili. Kubalianeni siku ya kwanza.

Binti wa Utaani

Bi Mkubwa, Mungu akuzidishie. La likizo sikulikumbuka na ni kubwa.

Hapo ndio nataka kuingia kwenye mkataba, na hapa nawasemesha nyinyi mnaokuja kusoma sheria hasa. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, Sura ya 149, si ile Sura ya 345 ya Bara mtakayoikuta kwenye vitabu vingi. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba kamili. Shida yake ni ushahidi. Mkija kugombana, wewe unasema miezi sita, yeye anasema mitatu, na hakuna wa tatu aliyesikia. Kwa hiyo andikeni.

Haihitaji wakili. Wangu wa kwanza uliandikwa kwenye karatasi mbili zilizochanwa katika daftari, kwa mkono, maneno yale yale kila karatasi. Juu kulikuwa na tarehe, majina yetu na namba za vitambulisho. Kisha chumba kipi ("cha pili kushoto ukiingia, chenye dirisha la kuelekea muembe"), kodi ni kiasi gani, imelipwa kutoka mwezi gani mpaka mwezi gani, umeme unalipwa vipi, maji ya nani, likizo vipi, na anayetaka kumaliza ampe mwenzake taarifa ya muda gani. Chini yake tuliandika hali ya chumba: kioo kimoja cha dirisha kimevunjika, kitasa kinakwama, taa moja inawaka. Mwenye nyumba akaweka saini, mimi nikaweka saini, jirani yake na binamu yangu wakashuhudia. Tukazipeleka zote mbili kwa sheha, akazisoma kimya mpaka mwisho, akauliza "kodi hii umeshaipokea?" mbele yangu, yule mama akasema ndio, sheha akapiga muhuri. Kila mtu akaondoka na yake. Siku niliyohama, mwenye nyumba alitaka kunidai kile kioo. Nilimfungulia karatasi, akaisoma, akacheka, yakaisha.

Kwa sheha lazima mwende kwa vyovyote. Mgeni anapoingia shehia anatakiwa ajulikane. Usisubiri uje uulizwe. Nenda na barua ya sheha wa kwenu, nakala ya kitambulisho na barua ya chuo. Ukipata tatizo lolote baadaye, wizi, ugomvi, kufukuzwa, yeye ndiye wa kwanza utakayemkimbilia, na itakusaidia sana kama anakujua sura. Tatizo likizidi hapo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kinashauri watu.

Mgeni kutoka Songea

Habari zenu wakuu. Mimi natoka Bara, Mkristo, nimechaguliwa sheria huko Tunguu na sina mtu hata mmoja Zanzibar. Nina wasiwasi kidogo. Nitapata chumba? Nitakubalika?

Mkaazi wa Fuoni

Karibu sana ndugu yangu. Utapata. Wako wengi kutoka Bara Tunguu na Fuoni, wanasoma na wanafanya kazi. Njoo na kitambulisho chako cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa wenu, ndio itakayokuwa badala ya ile ya sheha wanayoisema wenzetu wa Pemba. Wasiliana na serikali ya wanafunzi ya chuo kabla hujasafiri, waombe mwanafunzi mmoja wa Bara akupokee bandarini siku ya kwanza.

Makanisa yapo, Mkunazini na Minara Miwili kule Mji Mkongwe, na mengine pembezoni. Cha kukiangalia ni mavazi ukipita mitaani, na Ramadhani. Mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za chakula zinafungwa na kula hadharani kutakuletea matatizo. Kwa hiyo chumba chako kiwe na pa kupikia, uweke jiko lako, ule ndani kwa utulivu. Jioni utaitwa futari na majirani mpaka ushindwe.

Bi Mwenye Vyumba

Nami namjibu huyu mwanangu wa Songea. Mimi nimekaa na watoto wa Bara, na mmoja mpaka leo ananipigia kila Sikukuu. Njoo.

Kijana wa Konde

Dada, yule dalali nilimwambia kama ulivyonifundisha. Kwanza akasema sawa, halafu akasema mwenye nyumba yuko Oman, halafu akaniblok.

Swali langu jengine: rafiki zangu wanasema tukodi nyumba nzima watu wanne, kila mtu atoe robo. Kwa kodi ni rahisi sana. Unaonaje?

Binti wa Utaani

Alhamdulillahi, pesa ya mzee imepona.

Nyumba ya watu wanne inaweza kuwa nzuri sana, lakini angalia ni wanne gani. Kama wote ni wa sheria, au wote ni watu wa kulala mapema, mtasaidiana. Tatizo ni pale ambapo wewe ndiye peke yako unayesoma usiku. Nikwambie la umeme tu. Mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, iko moja, ukutani karibu na mlango. Mmoja ana friji ndogo, mmoja anapiga pasi kila asubuhi, mmoja ana spika yake kubwa, wewe una taa na simu ya kuchaji. Mnachanga sawa sawa. Yunit zinaisha saa tano usiku. Waliolala hawajui. Ni wewe uliye macho, una mtihani kesho, na utanunua kwa pesa yako kwa sababu huwezi kungoja asubuhi. Usiku wa pili hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi wewe mwenye taa moja ndiye uliyewalipia wote. Mtu mkimya anabeba mzigo huo mwaka mzima, anaona haya kusema.

Dawa yake ni kuchanga pesa ya umeme ya mwezi mzima siku ile ile ya kupata hela, ishikwe na mtu mmoja, na mwenye friji aongeze. Kubalianeni pia saa ya kunyamaza. Tena mkodi kwa mkataba wenye majina yote manne, kila mtu adaiwe robo yake. Mkataba ukiwa kwa jina lako pekee, mwenzako akiacha chuo katikati ya mwaka mwenye nyumba atakudai wewe kodi yote.

Na chumba chako mwenyewe ndani ya nyumba hiyo, kichague kwa dirisha. Dirisha lisielekee jiko la jirani wala banda la kuku. Nenda ukakitazame mchana kwa mwanga, urudi baada ya Isha ukasikilize. Kuna mitaa mchana imetulia kabisa, usiku kuna mzigo wa muziki kutoka ukumbi wa harusi wa jirani, kila wiki. Mara hizo mbili za kukitazama zitakusaidia kuliko chochote atakachokwambia dalali.

Mtoto wa Mtambwe

Niongeze kwa vijana: kama una pikipiki au unategemea bodaboda usiku, angalia njia ya ndani kutoka barabara kuu mpaka nyumbani. Zile za udongo mwekundu, ikinyesha hazipitiki, na dereva atakushusha njiani utembee na vitabu vyako.

Kijana wa Konde

Nimeelewa. La mwisho dada, nije lini hasa, na nije na vitu gani? Mama anataka nichukue godoro, kabati, na magunia mawili ya chakula.

Binti wa Utaani

Mwambie mama ahsante, lakini si safari ya kwanza. Njoo kama wiki mbili kabla ya usajili, ufikie kwa jamaa, na upange siku zako za kutafuta ziwe za kazi ili sheha na ofisi za chuo uzikute wazi. Njoo na begi moja, vyeti vyako na nakala zake, picha za paspoti, barua ya sheha wa Konde, na pesa uiache kwenye simu au benki usitembee nayo mfukoni. Godoro, ndoo na chandarua utanunua Darajani au Mwanakwerekwe siku unayohamia, upakie gari mara moja. Ukishapewa ufunguo, hayo magunia kaka yako ayapakie melini Mkoani, wewe uyapokee Malindi. Kabati liacheni nyumbani.

Mkaazi wa Fuoni

Ukifika niandikie faragha. Kuna nyumba mbili za jirani zangu zina kisima chenye maji matamu na ziko juu, hazijawahi kuingia maji. Nitakupeleka mwenyewe baada ya Alasiri, na hiyo pesa ya dalali ununulie meza.